Mkasi wa Kufuli

Kwenye karakana yetu ya kushona sare, mkata vitambaa tunamwita Kufuli. Mkasi wake hulala ndani ya sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo hulala shingoni mwake. Mimi napiga pasi meza ya pili, kwa hiyo namwona kila siku. Hamwamini mtu. Mnoaji akija kila mwisho wa mwezi, wengine humpa mikasi yao. Yeye husema, "Achukue wangu, anirudishie mwingine? Thubutu!"

Mwaka huu kiwiko chake cha kulia kilianza kuuma upande wa nje. Mwanzoni alikunja uso tu. Baadaye hata kikombe cha chai kikawa kinamshinda kuinua. Mama mwenye karakana akamwambia, "Kaka, shule zinafunguliwa. Usipoweza kukata Jumatatu, meza nampa mwingine."

Kufuli akanigeukia.

"Wewe Pasi, umeuchezea mkasi wangu. Umekaza skrubu."

"Kaka, ufunguo si unaoga nao?"

"Ndiyo maana nashangaa ulipitia wapi."

Iliniuma, lakini nilimsindikiza zahanati. Alitaka shahidi, wasije wakamdanganya.

Mtaalamu wa viungo, binti mpole, alisikiliza habari za mkasi, kisha akabonyeza kifupa cha nje ya kiwiko. Kufuli akaruka. Akamwambia akunje ngumi aiinue, huku yeye akiikandamiza. Maumivu yakaja palepale.

"Ni kano za misuli inayoinua kiganja," akasema. "Zimebebeshwa mzigo kupita kiasi."

Akampa chupa ndogo ya maji. Mkono ulale juu ya meza, kiganja kining'inie ukingoni kikitazama chini, chupa ainue kwa msaada wa mkono wa kushoto, kisha aishushe polepole kwa wa kulia. Maumivu kidogo si neno. Yakizidi, au yakiendelea hadi kesho yake, apunguze maji. Asiache kabisa kuutumia mkono, ila apunguze kubana vitu kwa nguvu. Kupona kungechukua wiki nyingi, pengine miezi.

Kufuli akamkazia macho. "Mkono unauma, nawe unaupa mzigo. Nani kakutuma?"

Binti akacheka. "Baba, huo mkasi ulinolewa lini?"

Kufuli akaanza kuhesabu kwa vidole. Vya mkono mmoja vikaisha, akaingia wa pili, akaacha.

Jumamosi mnoaji alipofika, Kufuli alifungua sanduku mwenyewe.

"Vua kiatu kimoja, nikishike."

"Mzee, nitakimbia na mkasi mmoja?"

"Vua!"

Akakaa mbele yake, kiatu mapajani, hadi cheche ya mwisho.

Jumatatu alikata tabaka mbili mbili badala ya sita. Mkasi uliteleza kama uko kwenye maji. Mama alisimama pale kitambo, akasema, "Polepole, lakini kazi inakwenda," akaondoka. Meza ikabaki ya Kufuli.

Siku hizi kila mapumziko hufanya zoezi lake kando ya pasi yangu. Chupa ameichora mstari wa kalamu usawa wa maji, nisije nikamwongezea.