Mshinde Mwenye Bahati na Viatu Vibichi

Mimi majina ya watu hayanitoki. Nikikutana na mtu mara moja tu kwenye foleni ya maji, nitalishika jina lake, la mumewe na la mtoto aliyembeba mgongoni, na mtoto huyo akija kuota ndevu nitamwita kwa jina lake mpaka ashtuke. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Wote ninaowasimulia wapo, wanapita mlangoni kwangu hapa Kisugu, mjini Kampala, na mmoja wao ana mdomo kunizidi.

Shuleni niliishia darasa la tatu, huko Kenya nilikozaliwa. Tenisi nimefundishwa uzeeni na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye nimemlea mimi. Mwanzoni niliuona ni mchezo wa watu wawili wanaokataa zawadi. Huyu anampa mwenzake, mwenzake anamrudishia, na anayechoka kurudisha ndiye ameshindwa. Mjukuu wangu akacheka, akasema, "Jajja," maana bibi hapa huitwa hivyo, "ukielewa hivyo inatosha."

Yeye anacheza ule wa kulipwa, ingawa malipo yenyewe mpaka leo ni zaidi maneno. Mwaka ule mashindano ya wanawake yalikuja Kampala, kwenye klabu moja ya viwanja vya udongo mwekundu. Wenye majina makubwa wanaingia moja kwa moja. Wengine, kama mjukuu wangu, wanapitia kwanza mechi za mchujo, huko nyuma kwenye viwanja visivyo na viti. Na yeye safari hii alikuwa na ahadi shingoni. Mjomba wake, mwanangu mkubwa, ana duka la vifaa vya ujenzi Kyebando, na alikuwa amemwekea kiti nyuma ya kaunta, kiti kizuri cha kuzunguka. Mtoto alikuwa ametamka mbele yetu sote: "Nikikosa kuingia mashindano yenyewe safari hii, raketi naweka juu ya kabati, naja dukani." Mjomba wake akakifuta kiti vumbi.

Basi akacheza mchujo. Akashinda, akashinda, na mechi ya mwisho, ile ya kumpitisha mlangoni, akashindwa.

Alirudi jioni, miguu myekundu mpaka magotini. Kwetu aliyeshindwa haulizwi, analishwa. Akala matoke na karanga kidogo, akageukia ukutani, akalala.

Mimi nikachukua karai. Hii niliiona kwa mama yangu. Nguo za siku mbaya hazilali chafu ndani ya nyumba. Iwe umetoka kuzika, iwe umetoka kwenye kesi, iwe ni mtihani umekukataa, jioni ileile nguo zinaingia majini, ili kesho ukiamka siku ile isiwe imening'inia msumarini inakutazama. Kwa hiyo nikaloweka zote. Sketi nyeupe, sketi nyeusi, fulana, soksi, hata ile mikanda ya kufuta jasho. Udongo ule wa uwanjani haucheki na sabuni, lakini na mimi sicheki nao. Viatu nikavisugua kwa brashi ndani na nje mpaka vikawa vyeupe kama siku vilipotoka dukani. Nikasema moyoni, angalau viende juu ya kabati vikiwa safi.

Nikaanika ukumbini. Mvua ikaanza kunyesha.

Asubuhi nasikia mtu anapekua kapu.

"Jajja, sketi yangu iko wapi?"

"Kwenye kamba."

"Nyeusi?"

"Zote."

"Na viatu?"

"Navyo."

Akatoka, akazishika pale kambani. Zilikuwa zinadondosha maji. Akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Kwani hukushindwa?" nikamwuliza. "Au umeshindwa nusu?"

"Nimeshindwa, Jajja. Lakini huenda nikaitwa."

"Uitwe na nani?"

Ndipo akanieleza, huku anahangaika na zipu ya begi. Wale walioshindwa mechi ya mwisho ya mchujo hawafukuzwi mara moja. Mchezaji wa mashindano yenyewe akiugua au akijitoa kabla ya mechi yake ya kwanza, nafasi yake haiachwi wazi, anachukuliwa mmoja wa walioshindwa. Wanamwita mshinde mwenye bahati. Anaanza kuitwa mwenye cheo cha juu zaidi kati yao. Lakini lazima awe amefika asubuhi ileile na kujiandikisha kabla mechi hazijaanza. Asiyejiandikisha anarukwa. Na aliyejiandikisha, akiitwa hayuko tayari kuingia uwanjani, anarukwa vilevile.

Nikaelewa palepale. Ni mambo ya hospitali yale. Muuguzi anaita, mtu hajibu, anaingia wa nyuma yake. Ila hapa unayemsubiri asijibu yuko mbele yako, mzima, anakula ndizi.

"Na wewe ni wa ngapi?"

"Wa pili. Wa kwanza ni yule msichana wa Nairobi. Lakini jana jioni alinuna, akapanda basi akaenda kwao."

"Kwa hiyo leo ukijiandikisha..."

"Leo nikijiandikisha mimi ndiye wa mbele, Jajja. Ila siwezi kucheza na malapa."

Sikubishana. Nikamwambia, "Vaa suti yako ya mazoezi, nenda ukajiandikishe. Nguo nitazileta mimi, zikiwa zimekauka." Akaitazama kamba, akanitazama mimi, akachukua raketi akaondoka na malapa yake.

Umeme ulikuwa umekwenda tangu mvua ianze. Nikapiga hodi kwa jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, anayeshona nguo chumba cha pili, kwa sababu ana pasi ya mkaa. Huyu ndiye mwenye mdomo. Kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshawasha sigiri, jiko lake la mkaa, tena ameshafumba macho.

"Ee Bwana," akaomba kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "kati ya wale wasichana wazuri uliowaumba, gusa mmoja goti."

"We mama! Usiombe hivyo!"

"Si kuvunja. Nimesema kugusa."

"Hata kugusa. Yule naye ana bibi yake mahali."

Akafikiri, pasi mkononi. "Basi Bwana, gusa tumbo. Tumbo linapona haraka."

Nikamwacha na Bwana wake. Tukapiga pasi sketi ile nyeusi mpaka ukumbi wote ukajaa mvuke kama jikoni siku ya harusi. Fulana ikakubali. Viatu vikakataa katakata. Tuliviweka kando ya sigiri, tukavijaza magazeti, tukayatoa yamelowa, tukajaza mengine. Jirani akakisogeza kimoja karibu zaidi na moto, na punde tukasikia harufu ya mpira. Nikakinyakua. Ncha ya soli ilikuwa imeanza kulainika kama jibini.

"Sasa kina joto," akasema jirani, bila aibu hata kidogo.

Simu ikalia. Mjukuu wangu, sauti ya chini. "Jajja, kuna mmoja anashika tumbo tangu afike. Daktari yuko naye. Uko wapi?"

"Njiani," nikasema, nikiwa nimesimama ukumbini na kiatu kimoja kila mkono.

Jirani aliposikia neno tumbo alipiga magoti.

Nikatoka mbio kiasi cha miaka yangu mpaka steji ya boda. Kijana wa boda wa pale ananijua, hunipeleka kanisani Lubaga Jumapili, na kila mara namwambia taratibu, taratibu, mpaka tunafika misa imeanza. Nikakaa upande, sketi nimeifunga begani ipate upepo, fulana kifuani, na viatu nimevivaa mikononi.

"Jajja, hivyo viatu umevitoa mtoni?"

"Wewe endesha. Tena endesha kweli, viatu vinataka upepo."

Akageuka kunitazama. "Wewe, Jajja? Wewe wa taratibu?"

"Leo siendi kanisani. Ongeza!"

Akaongeza. Nakwambia, sijawahi kupita Kampala namna ile. Mkono mmoja nimeukunja kwenye koti lake, mwingine nimeunyosha na kiatu kama askari wa trafiki, sketi inapiga nyuma yangu pa-pa-pa. Kwenye mataa watu wa boda nyingine wakapiga kelele, "Jajja, unapeleka bendera wapi?" Nikawajibu, "Kwa mwenyewe!" Kila tulipokata kona nilibadilisha mkono, cha kushoto kikapumzika, cha kulia kikapigwa upepo.

Tukafika. Mlangoni mwa klabu kuna mlinzi, kijana wa huku huku, ameshika rungu kama raketi.

"Nyabo," akaniita, yaani mama, "iko na kadi?"

"Kadi ya nini?"

"Ya kuingia. Bira kadi, hapana."

"Mimi ni bibi wa mchezaji."

"Reo kira mtu ni bibi ya mchezaji."

Na wakati ule ule nikasikia kipaza sauti kinaita jina. Jina lile nilimpa mimi mwenyewe alipozaliwa, nisingelikosea. Walikuwa wanamwita mshinde mwenye bahati aende kwa msimamizi.

Sikugombana na mlinzi. Nikazunguka ua wa miti mpaka nilipoona wavu wa chuma, na nyuma yake mjukuu wangu, amesimama na suti yake na malapa, anageuza shingo huku na huku. Mbele yake msimamizi, mama mrefu mwenye kofia, anatazama saa.

"Mimi hapa!" nikaita.

Wote wawili wakageuka. Sketi na fulana nikazipitisha kwenye tundu la wavu, nikizisokomeza kama mtu anayejaza mto pamba, zikatoka upande wa pili na mikunjo yote tuliyoipigia pasi. Viatu havikupita.

"Rusha, Jajja!"

Nikarusha. Cha kwanza kikavuka wavu vizuri sana, kikaanguka miguuni kwake. Cha pili, hicho chenye soli iliyochomwa, kikaenda kwenye meza ya chai ya wageni, kikalala kati ya sukari na vikombe. Mzungu mmoja akapiga makofi. Msimamizi akakitazama kiatu, akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "mrusho wa kwanza ulikuwa ndani. Wa pili ulikuwa nje."

Kisha akamgeukia mjukuu wangu. "Binti, utakuwa tayari?"

"Niko tayari," akasema, na huku tayari anakimbilia chumba cha kubadilishia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Mlinzi alikuwa amenifuata nyuma, ameona yote. Akakuna kichwa. "Nyabo, kumbe ni kweri ni bibi yake," akasema, akanifungulia mlango wa pembeni.

Mara yangu ya kwanza kukaa kwenye kiti katika mashindano yake ndiyo hiyo, kwa sababu siku zote alicheza kule nyuma. Mpinzani wake alikuwa msichana mwenye mabega, na wachezaji wa namna hiyo huniogopesha hata wakicheka. Viatu vya mjukuu wangu vilikuwa vinalia kwacha, kwacha, kila hatua, na udongo mwekundu uking'ang'ania soli mpaka akawa kama anacheza na mikate miguuni. Seti ya kwanza aliipoteza haraka, nikasema hewala, angalau nimekaa. Katikati ya seti ya pili, lile jua la baada ya mvua likatoka, viatu vikanyamaza, na mtoto akaanza kukataa zawadi. Kila alicholetewa alirudisha. Yule mwenye mabega akaanza kupiga kelele kwa lugha yao. Seti ile akaichukua mjukuu wangu, nami nikasimama na kupiga kigelegele, nikaambiwa nikae, nikakaa, nikasimama tena.

Ya tatu ikamshinda. Kwa kidogo tu, lakini ikamshinda. Alitoka uwanjani amepakaa wekundu hadi kwenye nyusi, na alikuwa anacheka. Kicheko chake cha siku ile sikuwa nimekisikia tangu akiwa mdogo.

Tulirudi Kisugu kwa boda ileile, yeye mbele, mimi nyuma, taratibu. Jirani yangu alitungoja mlangoni. Swali lake la kwanza halikuwa la ushindi. "Yule wa tumbo anaendeleaje?" Mjukuu wangu akamwambia amepona, anakunywa soda. Jirani akashusha pumzi. "Nilimwambia Bwana, kidogo tu."

Nikampa mtoto chakula. Akala. Simu ya mjomba wake ikaita mezani, ikaita tena, ikanyamaza. Mimi nikachukua karai, nikajaza maji, nikasimama nalo mlangoni. Mara ya kwanza katika maisha yangu sikujua la kufanya na nguo za mtu aliyeshindwa.

"Nifue?" nikamwuliza.

Akatafuna kwanza. Akazitazama nguo zile pale sakafuni, nyekundu zote.

"Fua, Jajja," akasema. "Ila sketi moja acha kavu. Na viatu usiviguse kabisa. Wiki ijayo kuna mchujo mwingine Nairobi."

"Na kiti cha Kyebando?"

"Mwambie Mjomba akikalie yeye kwanza."

Nikaweka karai chini. Sketi nyeupe, ambayo ilikuwa imekauka kambani siku nzima bila kuitwa na mtu, nikaikunja, nikaiweka juu ya begi lake.