Mto Chini ya Shamba la Kijiji

Enzi zetu msichana asiye na vijiwe vya mdako alijiona kama hajavaa nguo. Wenzangu mliokula unga wa njano mtaukumbuka mchezo wenyewe: unachimba kishimo ardhini, unakijaza vijiwe, unarusha kimoja juu, na kabla hakijashuka unakomba vingine, kisha unavirudisha kishimoni ukibakiza unachokitaka. Macho juu, mkono chini. Wajukuu zangu wana dole gumba lenye misuli kwa sababu ya simu, lakini mpe mmoja wao kijiwe arushe, kitampiga puani. Mimi, Mwanaidi, nilikuwa bingwa wa kijiji kizima, na nasema hivyo bila haya kwa kuwa wengi niliowafunga bado wako hai na wanaweza kuulizwa.

Ubingwa una siri zake. Kokoto za reli zilikata vidole, na vipande vya tofali vilimumunyika. Kijiwe kizuri kilikuwa cha mviringo, kizito kiasi, laini kama yai la njiwa, na mimi na rafiki yangu Tausi tulijua vinakopatikana: katikati ya shamba la kijiji la pamba, kwenye kibonde kikavu ambako kila baada ya mvua ardhi ilitema vijiwe vipya. Mto haukuwapo karibu, wala hatukujiuliza kwa nini. Tuligusa ardhi, tukaonyesha mbinguni, tukaapa kutomwambia mtu yeyote.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, huko kati ya Kilosa na Mikumi. Tulihamishiwa hapo kutoka mashamba yetu ya zamani vijiji vya Ujamaa vilipoundwa. Balozi wa nyumba kumi alipita jioni kutuarifu, na asubuhi lori likaja. Baba alikuwa mkata mkonge, alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo ni mama aliyepakia kinu, kuku, vitanda vya kamba na sisi watoto. Njia nzima hakusema neno, na mama yangu alikuwa msemaji. Sisemi kwamba yote yalikuwa mabaya. Shule tuliijenga kwa mikono yetu, tukibeba matofali vichwani huku tukiimba, na jioni redio ya kijiji ilitukusanya wote kusikiliza taarifa ya habari. Mlenda wa jirani ukiwa mtamu kuliko wenu, ulikwenda kula huko bila kuitwa. Mwaka wa pili mama alikuwa ameshaotesha mipapai na kuanza kucheka tena.

Tatizo lilikuwa maji. Mto ulikuwa mbali, tukienda alfajiri tunarudi jua limepanda, na shuleni tunachelewa, na ukichelewa unachapwa. Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Salehe, aliporudi kutoka mkutanoni Kilosa uso umemshuka. Alituambia wazi: kijiji kisichokuwa na maji kinahesabiwa kuwa kimewekwa mahali pabaya. Kabla ya mvua nyingine tusipopata kisima, tutapakiwa tena tukaunganishwe na kijiji kingine mbele huko.

Usiku ule mama hakupika. Alikaa kizingitini, akasema kama anayeongea na mipapai yake, "Niling'olewa mara moja, nikachipua. Wakining'oa tena, mimi nitakauka." Nilikuwa mtoto, lakini niliogopa kama sijawahi kuogopa, maana mama yangu hakuwa mtu wa kukauka.

Kisima cha kwanza kilichimbwa mbele ya ofisi ya kijiji, kwa sababu Mzee Salehe alitaka wageni wa wilayani wakishuka tu kwenye gari wakione. Wanaume walichimba kwa zamu, wakafika kwenye mwamba. Waliuwashia moto, wakaumwagia maji upasuke, na maji yenyewe ndiyo yale tuliyoyatoa mtoni kwa shingo zetu. Mwamba ukatoa mvuke, ukabaki vilevile.

Watu wakiwa wamekaa wamejiinamia, akaja mwalimu wetu wa jiografia. Kwa siri tulimwita Kokoto, maana mifuko yake ya suruali ilikuwa imechanika kwa mawe. Aliteremka shimoni, akaupapasa mwamba, akatoka anang'aa macho. "Ndugu wananchi, mwamba huu ni mzee kuliko Bahari ya Hindi!"

"Mwalimu," mzee mmoja akamjibu, "sisi hatunywi uzee."

Watu walicheka kwa uchungu. Kokoto mwenyewe hakukasirika. Nadhani hata hakusikia vizuri, alikuwa bado anautazama mwamba wake.

Enyi vijana mnaojifunza mambo ya dunia kwenye kioo cha simu, hamkumwona Kokoto akifundisha. Hatukuwa na picha wala vitabu vya kutosha. Alichukua konzi ya majivu jikoni kwa mpishi wa shule, akayarusha juu, akasema zamani sana kila kitu kilikuwa vumbi na hewa vikielea gizani. Vumbi likavutana, likajikusanya, likawa jua, na masalia yake yakawa dunia na nduguze. Dunia ikayeyuka kama jiko la mhunzi. Chuma, kwa uzito wake, kikazama katikati, na vyepesi vikaelea juu vikaganda, navyo ndivyo miamba. Mvuke ukapanda, ukapoa, ukawa mvua, na mvua ikanyesha miaka na miaka mpaka mabonde makubwa yakajaa, ndiyo bahari. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kuiona bahari, lakini siku ile tuliisikia ikijaa.

Tausi aliuliza chumvi ya baharini ilitoka wapi. Kokoto akasema ni ya miamba: mvua inailamba kidogo kidogo, mito inaibeba, na bahari haina pa kuipeleka. Mjomba wangu aliyefanya kazi ya reli Mikumi alikuwa ameniletea kipande cha ulanga, lile jiwe linalobanduka karatasi karatasi na kumetameta, nami niliringa nikidai ni fedha. Kokoto alilishika kwa heshima, akasema si fedha ila ni madini halali kabisa. "Mwamba ni pilau," akasema. "Madini ndiyo mchele, nyama na bizari." Darasa zima likameza mate, kwa kuwa pilau tulikuwa tumeiona mara ya mwisho siku ya Idi, na wengine hawakusikia tena kilichofuata.

Kilichofuata ndicho kilichonipata. Alitia vipande vya tofali vyenye ncha kwenye kopo la maziwa, akamwaga maji, akatuamuru tulitikise kwa zamu, kila mmoja mpaka mkono uchoke. Lilipozunguka darasa zima na kurudi kwake, maji yalikuwa mekundu na vipande vimepoteza ncha. "Jiwe halizaliwi mviringo," akasema. "Mkiona jiwe la mviringo, jueni limesafirishwa na maji, limegongana na wenzake njia nzima." Mimi nikajisogeza kumnong'oneza Tausi kitu, na mfuko wa sketi yangu ukalia.

"Mwanaidi! Toa hivyo."

Nikavitoa, nikanyoosha mkono mwingine nikisubiri fimbo. Fimbo haikuja. Alikuwa amevikusanya kiganjani anavigeuza dirishani.

"Umeviokota mtoni?"

"Hapana, mwalimu."

"Wapi basi?"

Chini ya dawati Tausi alinikanyaga kwa nguvu. Nilitazama vijiwe, nikamkumbuka mama pale kizingitini, nikasema. Tausi hakuniongelesha wiki nzima, na hata leo tukikutana kwenye arusi hulitaja jambo hilo kabla ya kunipa pole ya safari.

Kokoto alituongoza darasa zima hadi kibondeni, akapiga magoti katikati ya pamba. Alifukua kwa mikono, vikatoka vijiwe juu ya vijiwe, vya rangi zote. Akatuonyesha kibonde kinavyopinda kutoka upande wa milimani kuelekea mtoni. Mto, alisema, ni mtu asiyetulia. Zamani ulipita hapa, ukahama, ukaacha kitanda chake, na udongo ukakifunika. Lakini katikati ya mchanga na vijiwe kuna nafasi, na maji yanapenda nafasi. Sisi wasichana tulitazamana. Tulikuwa tumecheza mdako kwa mawe ya mto uliohama.

Mzee Salehe hakutaka kusikia. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa. Mkutano uliitishwa palepale kando ya shimo lililoshindikana. "Nikawaambie wakubwa nimeng'oa pamba ya kijiji karibu ya kuchumwa," aliuliza, "kwa sababu ya mchezo wa watoto? Na tukikosa tena?"

Wanaume walitazama shimo lao. Kokoto alianza kueleza habari ya mvuke na mashapo, na watu wakaanza kupiga miayo. Ndipo mama akasimama. Wanawake wa siku zile hawakusimama ovyo mkutanoni, na mama alijifunga kanga kiunoni kwanza, kama anayekwenda kulima.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mama Mwanaidi."

"Mimi habari za zamani za dunia sizijui. Najua mwanangu amevitoa pale na si mtoni, maana mtoni nakwenda naye mimi. Nipe wanawake na majembe. Tukikosa maji, mkituletea lori nitapanda wa kwanza, na sitasema neno."

Mzee Salehe aliuzungusha mkono juu ya mkutano. "Mbele ya watu hawa wote?"

"Mbele yao wote."

Nilitamani ardhi inimeze. Aliweka rehani mipapai, nyumba na maneno yake yote juu ya vijiwe vyangu, na mimi nilikuwa na uhakika wa jambo moja tu, kwamba vinarushika vizuri.

Wanawake walichimba. Kokoto alituleta kila siku ukingoni tusome ukuta wa shimo: juu udongo mweusi wa pamba, chini yake mfinyanzi mwekundu ulionata majembe, kisha mchanga mwembamba, kisha vijiwe vyetu. Alifurahi mno akatuandikisha matabaka yote, na mama akampigia kelele kutoka chini amwondolee watoto wasije wakamwangukia. Lakini vijiwe vile vilitoka vikavu. Ndoo baada ya ndoo, vikavu, vumbi tupu. Wanaume waliokuja kutazama walianza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu, kama watu wanaotoka matangani. Hata Kokoto alinyamaza, na Kokoto kunyamaza lilikuwa jambo baya. Upande mmoja wa shimo ukaporomoka, ukamfukia mama mpaka magotini, na wenzake wakamwomba atoke. Alikataa. Alisema wapanue mdomo wa shimo, basi.

Wakapanua, wakaendelea. Nilikuwa nimekaa ukingoni niliposikia sauti ya jembe ikibadilika. Hadi hapo lilikuwa linakwaruza. Sasa lilizama kwa sauti nzito, kama mwiko kwenye ugali. Mama akainama, akachota mchanga, akaubana, na katikati ya vidole vyake ukachuruzika.

Hakushangilia. Alikaa chini mle mle shimoni, kwenye tope, maji yakimpanda miguuni polepole, akaangua kilio kama mtoto. Ni sisi huku juu tuliopiga vigelegele mpaka wanaume wakaja mbio wakidhani mtu amekufa. Mzee Salehe aliomba kata ya kwanza. Yalikuwa maji ya tope, rangi ya chai ya maziwa, na aliyanywa yote bila kupumzika, akajifuta ndevu, akasema, "Hatuhami." Neno moja tu. Sijasikia hotuba nzuri kuliko hiyo, na enzi zile tulisikia hotuba nyingi.

Na hatukuhamishwa. Kisima kilijengewa ukingo wa matofali ya kuchoma, kikatunywesha mpaka bomba lilipofika. Nililelewa nacho, nikaolewa palepale kijijini, nikazaa palepale, nikamzika mama yangu palepale akiwa bibi mnene mwenye mipapai isiyohesabika.

Leo wajukuu wakija likizo wananionyesha kwenye simu jinsi dunia ilivyotokea, vumbi likizunguka kwa rangi nzuri na muziki nyuma. Wanashangaa nikiwamalizia sentensi. "Bibi, umeyajulia wapi?" Nawaambia nimeyajua kwa majivu ya mpishi, wanacheka wakidhani natania. Wanazijua nyota za mbali kwa majina, lakini ukiwauliza maji ya bomba letu yanatoka wapi, wanakwambia yanatoka bombani. Nawapenda hivyo hivyo. Wana akili kuliko sisi, ila hawajawahi kuinama.

Watoto wangu wote wamesoma, namshukuru Mungu, na wote wameondoka. Hakuna balozi aliyewagongea mlango jioni. Walifunga mabegi wenyewe wakiimba, nami nikawasindikiza mpaka stendi nikicheka nao, kwa kuwa mtu halii mbele ya mtoto anayekwenda kutafuta maisha. Nyumba ya Tausi imefungwa kufuli, yuko kwa mwanawe Morogoro. Ya Mzee Salehe imebaki ukuta mmoja. Idi iliyopita kifungua mimba wangu aliniambia, "Mama, hamia kwetu Dar. Hapa umebaki na nani?" Nikamwambia mimi sihami, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama kabisa, hata mwenyewe nilishtuka. Mwanangu alinibusu, akawasha gari.

Nilisimama mlangoni mpaka vumbi likatua. Mama yangu alipigana ili tusihamishwe, akashinda. Hakujua kwamba siku moja tungehama wenyewe.