Jiwe la Kugandamizia Mihogo

Bulaimu wa Lusangi alikuwa mutu wa mpunga, lakini mikono yake ilijua kazi nyingine. Wakati wa vita vya Wazungu alikuwa Katanga, kwenye mgodi wa mawe meusi. Alikuwa analipima jiwe kiganjani: zito linaingia guniani, jepesi linatupwa. Vita vilipoisha, karani mmoja, Antoine, akamwambia magunia yale yalikokwenda.

"Yalifanya bomu, ndugu. Miji miwili ya Japani. Wamama na watoto, majivu tu."

Mkataba wake ulipokwisha hakuongeza mwingine. Alirudi kwao, akaapa jiwe lile halitapita tena mikononi mwake.

Mwaka wa hamsini na sita, Muzungu mtafuta madini alifika Lusangi na mashine ndogo inayolia kama nyenje ikikaribia mawe yale. Alikuwa amesikia habari za Bulaimu kule Katanga, akataka awe kapita wake, asimamie wachimbaji. Baiskeli ya kapita ilikwisha kuegemezwa ukutani kwa Bulaimu. Lusangi nzima baiskeli zilikuwa tatu.

Walipopita nyuma ya jiko, mashine ikalia. Muzungu akainama penye kitunga cha Feza, mke wa Bulaimu. Mihogo iliyolowekwa ilikuwa imegandamizwa humo, ikamuliwe maji, na juu yake jiwe jeusi, dogo, zito kuliko umbo lake. Feza aliliokota mtoni, akajisifu kwa majirani kwamba moja linafanya kazi ya matatu. Bulaimu hakuwahi kuliangalia. Sasa akalitambua.

"Hili limetoka wapi?"

Feza akafungua mdomo. Bulaimu akamtangulia.

"Katanga, bwana. Nililibeba kwa ukumbusho."

"Na hapa?"

"Hapa hayako. Mikono yangu inayajua, ningeyaona."

"Basi kapita wa nini hapa? Lilete hilo."

Bulaimu hakunyoosha mkono. Muzungu akaliokota mwenyewe.

Kesho yake Muzungu alihamia Salamabila kutafuta dhahabu, akaondoka na baiskeli yake.

"Ee Baba Heri!" Feza akamwakia mumewe. "Mule mutoni iko mengi! Umetupa baiskeli kwa uongo?"

Bulaimu akakaa chini, akamweleza ile miji miwili, jambo ambalo hakuwa amemwambia mutu. Feza akakitazama kitunga chake.

"Sitayaokota tena," akasema. "Na mihogo yangu?"

Bulaimu akatoka. Alirudi na mawe matatu ya kawaida, mepesi, akayapanga juu ya kitunga.