Sakafu ya Mercedes Nyeusi

Vahwere ni mashoto, na pale mtaani Mudzipela hakuna asiyejua kwamba mkono huo wa kushoto ndio uliomlisha. Alikuja Bunia, mashariki mwa Kongo, kutoka Butembo akiwa kijana, na sanduku la spana na njaa yake, akachomelea mabodi ya malori ya samaki hadi nywele zikaanza kumtoka. Leo akitaka kujua kama bati la gari ni la kiwandani, hupitisha sumaku, hukwaruza kwa ukucha, kisha hunusa. Anaponusa watu hucheka, ila hucheka kidogo, maana hajakosea mara nyingi.

Ana kanuni moja. Huuliza gari lilitengenezwa wapi, haulizi lilitoka kwa nani. Wakati wa vita magari mengi ya Bunia yalibadilisha wenyewe bila kuuzwa, na baadhi ya walioyachukua wangali papa hapa, wana vitambi na tai, nao ndio husalimiwa kwanza. Kwa hiyo tajiri Josias alipomwita kwake kukagua Mercedes ya mwaka 1958, Jeannine mkewe alimwambia maneno machache tu: "Weye angalia mutokari, rudi."

Gari lilikuwa jeusi, limeng'arishwa mpaka linakurudishia uso wako. Kando yake alisimama Lionel, mwana wa Bunia aishiye Kampala, ambaye kazi yake ni kutafutia mnada wa Ulaya magari ya zamani. Alikuwa mchangamfu, mdomo haumkauki. Alieleza kwamba gari likiwa vile vile lilivyotoka kiwandani, bei yake mnadani inaweza kujenga nyumba. Likiwa limeungwaungwa, ni chuma chakavu kilichopakwa rangi. Alitaka karatasi yenye sahihi ya fundi anayeheshimiwa.

Vahwere alianza kazi. Namba ya shasi ilikubaliana na ya injini. Vioo vilikuwa vyake, taa zilikuwa zake. Kisha akainua mpira wa mlango, na chini yake akakuta rangi ya zamani, nyeupe.

"Iko nini?" Josias aliuliza.

"Hakuna kitu, boss. Iko muzuri."

Akaurudisha mpira taratibu. Alijiambia kwamba Mercedes nyeupe za aina ile zilikuwa nyingi Bunia. Hazikuwa nyingi. Aliijua moja, ya Ambroise aliyenunua kahawa. Asubuhi moja ya mwaka 2003 watu wenye bunduki walimpakia Ambroise katika gari lake mwenyewe, wakaondoka naye. Hakuonekana tena, yeye wala gari, na Bernadette mkewe mpaka leo hajui kama ni mjane. Vahwere aliogopa, tena sana. Akaamua kusaini haraka na kwenda zake.

Angefanikiwa, kama si Lionel kuinua zulia la nyuma na kuitazama sakafu.

"Aa, hii plancher si ya kiwanda! Iko bati ya pipa. Na tazama soudure yake, mubaya kabisa. Nani alifanya hii uchafu?"

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia akitukanwa hufanya nini. Vahwere aliutazama mshono ule, magamba yake yamelala upande wa kushoto kama anavyochomelea yeye peke yake mji mzima, na hasira ya ufundi ikautangulia woga wake.

"Uchafu? Inapita miaka makumi mbili, na maji haijaingia hata tone! Ni miye niliichoma, na hii mukono!"

Mdomo huponza kichwa. Alisikia maneno yake yakiwa yamekwisha kutoka.

Lionel alipiga makofi kwa furaha. "Basi unajua histoire yake! Bazungu banalipa sana juu ya histoire. Bei itapanda! Ile wakati, mwenye mutokari alikuwa nani? Tuandike jina."

Ni Ambroise aliyemletea gari hilo alichomelee sakafu, kabla hajachukuliwa. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Josias aliegemea gari. Alimtazama fundi bila kupepesa, kama mtu anayesikiliza redio.

"Nimesahau," Vahwere akasema.

"Unakumbuka soudure, unasahau mwenye mutokari?" Lionel akacheka.

"Muzee amechoka," Josias akasema kwa upole. "Jina itarudi. Lionel, weye ngojea hapa, kunywa chai. Papa Vahwere, panda, nikufikishe kwako. Nani mwingine alikuwa anafanya na weye pale garage yako, ile wakati?"

"Hakuna, boss. Nilikuwa peke yangu."

Alifikiri jibu hilo litamwokoa, kumbe lilimwambia Josias kwamba hakuna shahidi mwingine. Alipanda Mercedes ile, kwa sababu kukataa kungekuwa kukiri kwamba jina analijua. Josias aliendesha kwa utaratibu, akiwapungia watu mkono, nao wakimjibu. Maduka ya Mudzipela yalikuja, yakapita, kisha nyumba zikaanza kupungua.

"Boss, tumepita kwangu."

"Najua," Josias akasema, akabadilisha gia.