Mstari Mtupu Kati ya Baba na Binamu Yake

Kwetu mtoto hurithi jina la babu yake, ndiyo maana baba na binamu yake walikuwa na majina yaleyale, hata la ubatizo. Baba alitia nguo rangi kiwandani Thika; binamu yake alifanya kazi kwenye ghala la kiwanda hichohicho, Ruiru.

Kiwanda kiliponunua kompyuta, mimi ndiye niliyechapa orodha ya wafanyakazi kwa alfabeti. Kila mtu alifuatwa na mstari mtupu, na hapo ndipo kompyuta ilipojua mtu mmoja ameisha. Bila mstari huo, ingempachika wa pili kwa wa kwanza.

Mkubwa wangu, mama aliyezeekea kwenye taipureta, hakuvumilia karatasi kuharibika. Nilipoenda kunywa chai aliziba mapengo kadhaa ili kurasa zipungue, kisha orodha ikaingizwa kwenye mfumo wa mishahara.

Asubuhi iliyofuata meneja alimwita baba. Kompyuta ilionyesha mtu mmoja mwenye nambari mbili za kazi, Thika na Ruiru.

"Mzee, unakula mishahara miwili?"

"Huyo mwingine ni ndugu yangu, bosi."

"Kila mwizi ako na ndugu. Na msichana wako ndiye anachapa!"

Akapigia polisi simu. Niliogopa mpaka nikasahau kukanusha. Nilichoona ni baba akiingizwa kwenye Landrover mbele ya wenzake. Nilirudi mbio kwenye kompyuta, nikashuka hadi kwenye jina lake. Pengo halikuwepo.

"Mama, nani ametoa nafasi hapa?" nilimuuliza mkubwa wangu.

"Si ni mimi? Karatasi inaisha bure."

Ningemfokea, lakini wakati haukuwepo. Nilirudisha mstari huo na mingine aliyoiziba, nikaingiza orodha upya. Mashine ile ilikuwa ikienda polepole ajabu, na nje nilisikia Landrover ikisimama langoni, ikingoja kufunguliwa. Niliomba Mungu kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote aliyokuwa tayari kuisikia.

Kwenye skrini wakatokea watu wawili, kila mmoja na nambari yake.

Meneja alisoma karatasi niliyomkimbizia langoni, akaamuru baba ashushwe, akakohoa. "Sawa basi, mzee. Rudi kazini." Pole hakutoa, na askari waliandaliwa chai.

Baba alipita mbele yangu akirudi kwenye rangi zake. Nilipoketi tena ndipo nilipoiona saa yake ya mkono kando ya kibodi. Alikuwa ameshaivua na kuniachia askari walipompitisha hapo, isije ikapotelea seli.