Nilivaa Ala ya Bastola Kanisani, Nikamkosa Neema

Jamani, nilikosea, na sitaki mtu anitetee. Hata mama yangu nilipomweleza kwa simu alisema, "Mwanangu, hiyo umejitakia mwenyewe." Kwa hiyo nawaeleza ninyi msionijua. Jina langu sitaji. Msichana nitamwita Neema, ingawa si jina lake, maana yeye hana kosa lolote.

Mimi ni Mkenya wa Trans Nzoia, na niko Dubai. Nilikuja kuwa askari wa mlangoni katika duka moja Al Barsha linalouza vifaa vya kambi na uwindaji: mahema, darubini, glavu za kushikia mwewe, viatu vya mlimani. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango na kutabasamu. Siku moja wauzaji walikuwa pungufu. Madam, meneja wetu, akanitazama kutoka kofia hadi kiatu, akauliza, "Wewe Kenya? Safari? Simba? Unajua kuwinda?"

Ningesema, "Hapana, madam." Ningepungukiwa na nini? Lakini mdomo wangu ukajibu, "Madam, nimezaliwa nayo!"

Uongo mtupu! Kwetu Kenya kuwinda wanyamapori ni marufuku, na kila mtoto wa shule anajua. Mnyama pekee niliyewahi kumwinda ni fuko aliyekuwa akila viazi vitamu vya babu, na hata huyo nilimtegea mtego nikaenda kulala. Bastola nimeiona kwenye sinema tu.

Nikavuliwa sare ya ulinzi, nikavishwa fulana ya mifuko mingi na kofia ya kambi. Wateja wakaanza kupiga picha nami. Nikapewa jina: Hunter. Nami, mjinga wa wajinga, nikaanza kutembea kwa kunyata hata nikienda kununua chapati!

Sasa, wakati huohuo nilikuwa na jambo kubwa kuliko duka. Nilikuwa nimempata Neema. Anafanya kazi ya kulea watoto katika nyumba moja Al Warqa, na Jumapili hupewa ruhusa kuja ibadani, kwenye ukumbi tunaokodi Oud Metha. Neema anacheka kwa sauti, hajali nani anamtazama. Nilimpenda nikakonda. Naye alinipenda, msidhani najipa moyo.

Wazazi wake wako nyumbani, lakini hapa Dubai yupo mjomba wake, Mjomba Shikuku, msimamizi wa walinzi na mkuu wa wahudumu wa kanisa. Wazazi walisema, "Huyo kijana Mjomba amtazame. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema la, usitupigie tena simu ya mambo hayo." Tukapanga Jumapili moja, baada ya ibada, Mjomba akae nami anihoji. Hatima yangu yote ilikuwa kwenye ulimi wa mzee huyo.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo, akaingia dukani bwana mmoja mnene, mwenye kanzu nyeupe kama maziwa. Alipojua natoka Kenya akabadili lugha palepale. Ni wa zile familia za zamani za Unguja zilizohamia huku, Kiswahili chake kinateleza mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Mimi nilimwita Sir tu.

"Hebu nambie kijana," akasema. "Mie nakwenda nchi ya baridi kuwinda mbuzi wa milimani. Huko kuna dubu. Wenyeji wangu wameshanitayarishia rivolva, na vibali vyote wanavyo, lakini ala yake ya kuibebea nije nayo mwenyewe. Nataka isiyonikera. Nitatembea kutwa, bunduki begani, begi mgongoni. Na tumbo langu hili, walihamdulillah, halinipi rukhsa kujifunga kitu kiunoni."

Nikamtolea ala tatu: ya kiunoni, ya kifuani, na ya pajani. Akaishika ile ya kifuani, akaigeuzageuza. "Naona hii haitagombana na mkanda wa begi. Au vipi?"

Yeye mwenyewe alikuwa ameshapata jibu! Kazi yangu ilikuwa kusema, "Naam, Sir," na kumfungia kwenye karatasi. Lakini madam alikuwa ananitazama. Nikaona nikikubali tu nitaonekana muuza duka, si mwindaji. Nikachukua ile ya pajani, yenye mikanda miwili ya kuzunguka mguu, kwa sababu ndiyo niliyoiona kwenye sinema.

"Sir, sisi wawindaji wa Kenya tunavaa hii."

"Kutwa nzima?"

"Mpaka unasahau kama umeivaa!"

Akanikazia macho kidogo. "Basi nifanyie hisani. Ivae siku moja. Kaa nayo, inama nayo, panda ngazi nayo, piga magoti nayo, kisha Jumatatu unambie wapi inauma. Mie n'takusikiliza wewe."

Madam akasema, "Of course, Sir! He is our hunter!"

Jumamosi ilikuwa ya kazi, na sikutaka madam anione nikihangaika na mikanda. Ikabaki Jumapili, siku ile ile ya Mjomba! Mtu mwenye akili angevaa chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamaliza. Mimi nikawaza hivi: ibada ya Wakenya ina kukaa, kusimama, kupiga magoti na kurukaruka. Jaribio kamili! Nikajiona nina akili kuliko wote Al Barsha.

Silaha sina, na hata bastola ya plastiki tunayoonyeshea ala dukani hairuhusiwi kutoka nje. Lakini ala tupu haina maana, inatakiwa uzito. Ninayeishi naye chumba kimoja ni Juma, mpishi wa hoteli kutoka Tanga. Nikamweleza. Juma akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaleta muhogo, akauchonga ukawa na mpini na mtutu, akauzungushia selotepu nyeusi.

"Lakini bwana wee," akasema akiupima mkononi, "wewe kesho unaenda kuposa au kuigiza sinema?"

"Ndani ya suruali hauonekani," nikamjibu.

"Haya. Mie simo."

Nikauvaa asubuhi, chini ya suruali ya suti pana niliyoazima kwa Juma huyohuyo. Kufika kituo cha basi nilishajua nimeula wa chuya! Mikanda ilibana damu. Kila hatua muhogo ulinigonga goti. Kwenye basi nilishindwa kukunja mguu, nikauweka njiani kama kizuizi, na mama mmoja Mfilipino akanipisha kiti cha wagonjwa. Na joto la Dubai, mnalijua. Jasho likaingia kwenye mikanda, ngozi ikaanza kuchubuka. Kama ningekuwa kweli mlimani, dubu angenila nikimshukuru.

Kosa langu kubwa nililigundua nikiwa nimeshakaa kanisani. Nusu ya kanisa letu ni walinzi! Walinzi wa majengo, wa maduka, wa hoteli. Watu wamesomeshwa kutambua mtu anayetembea vibaya na kugusagusa kitu ndani ya nguo. Na mimi nilikuwa mlinzi mwenzao! Nilipaswa kujua!

Nilipopiga magoti, kitu kirefu kikajichora kwenye suruali. Ndugu aliyekuwa nyuma yangu akaacha kuomba. Akamgusa wa pembeni. Wa pembeni akainua mkono wake mdomoni akaongea na saa yake, ingawa ilikuwa saa ya kawaida tu, ni mazoea ya kazi. Nikageuza shingo nikaona walimu wa shule ya Jumapili wanawatoa watoto kwa mlango wa pembeni, mmoja mmoja, mkono begani mwa mwenzake, kimya, kama zoezi la moto. Nikawaza, kumbe kuna hatari humu! Nikamtafuta Neema kwa macho ili nimwokoe.

Ikafika sadaka. Kwetu sadaka hupelekwa kwa kucheza. Nikacheza na mguu mmoja, mwingine nikauburuta. Nikiwa katikati ya ukumbi, mkanda wa juu ukafunguka. Nikasikia muhogo unateleza kuelekea chini. Nikainama haraka, nikapeleka mkono pajani.

"SILAHA!" Mjomba Shikuku akapaza sauti, akanirukia.

Jamani! Mzee ana umri wa baba yangu, lakini nilianguka kama gunia la mahindi. Wengine watatu wakanikalia. Kina mama wakalala chini ya viti huku wakikemea pepo. Mpiga kinanda alikuwa amefumba macho katika Roho, akaendelea kupiga. Na muhogo ukatokea kwenye upindo wa suruali, ukabingirika mpaka mbele ya mimbari.

Mjomba akauendea kwa tahadhari. Akaushika kwa kitambaa. Akaunusa. Akabandua selotepu kidogo kwa ukucha.

"Ni muhogo," akatangaza.

Mchungaji akafikiri kidogo, akasema, "Haleluya." Watu wakaitikia, ila si kwa nguvu sana.

Nikapelekwa chumba cha nyuma. Tulikuwa watatu tu: mimi, Mjomba, na Neema, ambaye alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nikaanza kueleza: duka, Sir, dubu, ala ya pajani, jaribio. Mjomba alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Kwa nini huyo Sir akuulize wewe?"

"Kwa sababu dukani mimi ni... ni mwindaji."

"Mwindaji wa Kenya?"

"Ndiyo, Mjomba."

Neema akaacha kulia. Akashika kichwa. Nilichokuwa sijui, na ambacho yeye hakuwahi kufikiri kuniambia, ni kwamba kabla ya kuja Dubai Mjomba alikuwa askari wa wanyamapori! Maisha yake yote ya ujana aliyamaliza porini akikimbizana na majangili. Ana kovu la mkuki begani.

"Kijana," akasema polepole, "Kenya hakuna mwindaji. Kuna jangili, au kuna muongo. Wewe ni nani kati ya hao? Chagua ukijua kwamba jioni hii nampigia simu baba yake Neema."

Alikuwa amenifungulia mlango, naapa! Nilimwona Neema akinitazama, macho yanasema, sema ukweli, sema tu hujui kitu, tuende tukale. Ningesema, "Mjomba, ni uongo, sijawahi kushika bastola." Wangecheka. Mambo yangeisha.

Lakini niliona aibu mbele yake. Nilikuwa nimeshachafuka suti, nimekaliwa na wanaume watatu, nimetolewa muhogo kwenye suruali mbele ya kanisa zima. Nikaona angalau nibaki na kitu kimoja cha kiume. Nikainua kidevu.

"Jangili," nikasema. "Lakini nimeacha."

Mungu wangu! Mimi! Jangili!

Mjomba akasogeza kiti. Sasa akawa kazini. "Mnyama gani?"

Nikatafuta mnyama kichwani. Nikasema tembo, nikaona ni kifungo. Nikasema nyati, akaniuliza nyati anawindwa upepo ukitoka wapi. Nikasema kutoka juu. Nikahamia kwa swala, akauliza swala gani, nikasema wa kawaida. Akanisukuma swali kwa swali mpaka nikabaki ukutani, na mwisho, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, nikasema, "Fuko, Mjomba. Mmoja. Kwa mtego."

Mzee akainama, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kwa sekunde chache nikadhani nimepona. Akainuka, akanipiga bega, akasema, "Kwa upande wangu huyu hana madhara. Neema, sema wewe."

Neema hakucheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona hacheki kitu cha kuchekesha.

"Hujui kuwinda, si shida. Hata ungekuwa jangili kweli ukatubu, ningekuombea," akasema. "But wewe umeona ni afadhali niolewe na mhalifu kuliko useme hujui! Sasa tukioana, siku hujui pesa ziko wapi, siku hujui mtoto anaumwa nini, utaniambia nini? Mjomba, usipige simu. Nitapiga mimi."

Akatoka. Sikumfuata kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Jumatatu Sir akaja mapema. "Haya kijana, wapi inauma?"

Nikamtazama, nikamtazama madam. "Sir, sijui kitu. Sijawahi kuwinda, sijawahi kushika bastola. Ninachojua ni kwamba hii imenichubua paja na goti, na haifai hata kwa muhogo. Chukua ile uliyoichagua mwenyewe."

Sir akacheka mpaka akajishika tumbo. Akavaa ile ya kifuani juu ya koti zito, akajitwika begi, akaketi chini, akainuka, akainama, akasema, "Hii hata siihisi. Ahsante kwa ukweli." Akanipa mkono. Khalas, yakaisha! Neno lilikuwa jepesi hivyo! Nililisema kwa mteja ambaye sitamwona tena, na siku moja kabla nilishindwa kulisema kwa Neema.

Madam amenirudisha mlangoni, nafungua na kutabasamu. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni Jumapili iliyopita. Neema alipita kwenye mstari wa salamu, akafika kwangu, akanipa mkono vizuri kabisa, kwa upole kabisa, akasema, "Bwana asifiwe, ndugu."

Ndugu! Mimi niliyekuwa nikiitwa sweetheart!

Kwa hiyo ninyi mlioko huku ugenini, na hata mlioko nyumbani, nisikieni. Arbab, yaani bosi wako, akikuuliza usichokijua, sema hujui. Mjomba akikuuliza, sema hujui. Na mpenzi wako akikutazama akingoja useme, jamani, sema haraka, kabla hajakuita ndugu.