Majivu ya Shimo la Tatu

Shangazi wa maabara, kama tunavyomwita sote hapa mgodini, hubana pumzi kila anapopima majivu, asije akayapeperusha. Kazi yake ni kuchoma vipande vya makaa ya mawe na kupima kinachobaki. Wenzake wakishapima huyamwaga. Yeye huyatia kwenye vichupa vya dawa, akaandika shimo na tarehe kwa penseli, vidole vyeusi hadi kwenye kucha. Tulizoea kumtania, "Shangazi, unafuga majivu?" Naye hujibu taratibu, "Hayali, hayalii."

Wanunuzi walipotuhama, tukaambiwa mgodi utafungwa. Ndipo wakaja wataalamu wanaotafuta metali adimu za kutengenezea simu, ambazo mara nyingine hupatikana ndani ya makaa na kubaki kwenye majivu yake. Walitaka makaa ya shimo la tatu, lililojaa maji miaka tisa iliyopita na lisilofikika tena. Shangazi akafuta mikono kwenye aproni, akashusha vichupa arobaini vya shimo hilo. "Chupa zangu mtarudisha," akasema.

Metali ilikuwemo, na mgodi haukufungwa. Nilipokwenda kumshukuru, nilimkuta mbele ya mizani. Akaniinulia kidole. Nikabana pumzi pamoja naye.